Michembe ya Juu ya Kabati

Baba, shikamoo.

Ugali na mlenda nimevifunika jikoni. Michembe, vile viazi vyako vikavu, usiitafute, ameila Mama.

Asubuhi alikuwa anatambaza vidole ukutani, kama mtaalamu wa viungo alivyotufundisha. Akapita alama yangu ya mkaa ya juma lililopita, mara nikasikia kapu la michembe linashuka kutoka juu ya kabati. Bega limeganda miezi saba, mkono haufiki hata kichwani, leo kashusha kapu! Akaniambia, "Ulidhani nitabaki kunusa tu?" Tumecheka mpaka kuku wakakimbia.

Kajifunga kilemba mwenyewe, tumekwenda kumwonyesha shangazi Zipora. ~~Tutarudi mchana.~~ Tutarudi jioni, maana atampungia kila mtu njiani.

Bega bado linauma, na litachukua miezi. Chemsha maji ya kulikanda tukirudi, ndipo afanye mazoezi. Usimfungie tena mkono kwa kanga shingoni. Najua ni huruma, Baba, ila kule kutulia ndiko kulikozidi kuligandisha.

Na yule beberu uliyemfunga nyuma ya nyumba, wa kumpelekea mganga kesho, yuko malishoni. Fundo kalifungua Mama, kwa mikono miwili.

Binti yako, mchora mkaa