Jina Nililompa Bibi wa Poli

Shangazi, shikamoo.

Yule bibi wa Poli hakuitwa Ruth. Jina lile nililitunga mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na wewe umekufa ukiamini kwamba nilimwuliza.

Nilikwenda kweli kijijini kwake Poli, ila niliishia getini. Ilikuwa likizo ya Juni, nakusaidia pale maktabani Kijenge kujaza maelezo ya sauti za wazee ulizorekodi kwa simu yako. Wewe uliyaita metadata. Mimi niliita kadi, ukanikubalia. Kwenye kadi ya bibi yule, mahali pa msimulizi, nilikuwa nimeandika "Mama Eliakimu", kama kila mtu anavyomwita. Ukacheka mpaka miwani ikateremka puani. "Nsia, akina Mama Eliakimu ni wangapi Meru nzima? Hilo ni jina la mtoto wake. Nenda ukamwulize la kwake."

Nilimwona kupitia uwazi wa geti, amekaa kibarazani anachambua maharage. Nikawa naipanga ile sentensi kichwani: shikamoo bibi, jina lako nani? Shangazi, nani kwetu anamwuliza bibi wa umri ule jina lake? Hata la bibi yetu mwenyewe nililijua siku ya mazishi, lilipoandikwa msalabani. Nilisimama pale mpaka mbwa akaanza kubweka, nikageuka.

"Umefika?" uliniuliza. Nimefika. "Umemwuliza?" Nimemwuliza, anaitwa Ruth. Jumapili ile mchungaji alikuwa amehubiri habari za Ruthu, ndilo lililokuwa karibu na mdomo. Ukasema, "Jina zuri," ukanipa soda.

Sikujua litafika mbali hivyo. Ulinieleza kwamba maktaba nyingine hazichukui sauti zetu, zinachukua kadi tu. Kila Jumatatu mashine zao zinakuja zenyewe kwa njia ya mtandao na kuvuna kadi mpya, ili mtu aliye Dodoma au Ulaya akitafuta, ajue kitu hicho kipo Kijenge. Nikakuuliza kama zinakagua kwanza. "Zile ni kama kibarua asiyeijua kahawa," ulisema. "Mbichi, mbivu, iliyooza, yote debe moja. Ndiyo maana kuchagua ni kazi yetu." Nikainamia kibodi. Jumatatu iliyofuata Ruth akavunwa.

Tangu tukuzike nimemaliza kidato cha nne. Nasubiri matokeo, na kila siku naenda maktabani kupanga vitabu kwa sababu sijui pengine pa kwenda. Kiti chako kimehamishiwa mapokezi. Mashine yako iliyotunza sauti ilisimama wiki chache baada ya msiba, na kila walipokutana kuizungumzia ilikuwa vilevile: "Nywila anaijua nani?" "Marehemu." Mwisho wakaichomoa kwenye umeme.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Poli. Alisema yeye ni kitinda mimba wa Mama Eliakimu, na kwamba mama yake amefariki. "Kuna mwalimu wa hapa alimrekodi akisimulia walivyochimba mfereji. Mama yangu anaitwa Anande. Nataka niisikie sauti tu, basi."

Anande. Ndivyo nilivyolijua.

Kadi zetu wenyewe zilikuwa kwenye mashine ile iliyochomolewa, basi dada wa mapokezi akafungua ukurasa wa maktaba kubwa moja iliyozivuna. Mahali pa jina la msimulizi akaandika Anande. Hakuna. Akaandika Mama Eliakimu. Hakuna. "Pole, mama, haipo. Labda hakurekodiwa."

Yule mama akasema taratibu, "Mama yangu hakuwa mwongo."

Nilikuwa nyuma ya rafu, hatua mbili kutoka kwake. Ilikuwa niseme neno moja tu, Ruth, na kadi ingetokea, na wangejua sauti imo ndani ya mashine, na wangetafuta fundi wa kuifungua. Sikusema. Nilirudisha kitabu kimoja mahali pake, nikakitoa, nikakirudisha tena, mpaka nikasikia mlango.

Kwa kuwa hakuna kitu kilichopatikana, ofisi ikaamua mashine isafishwe, itumiwe na katibu muhtasi. Fundi akaja kutoka Ngarenaro. "Hii hata babu yangu angeikataa," akatania, akaifuta yote. Mimi ndiye niliyempelekea chai.

Simu yako ilipotea hospitalini. Hakuna nakala nyingine, Shangazi. Nimeuliza kila mahali ninapoweza kuuliza bila kusema kwa nini nauliza.

Sauti ile niliisikia mara moja, kwenye spika zako za masikioni. Mwanzoni kabisa anacheka: "Weka hicho kidude mbali, kitanimeza!" Najaribu kuishika. Kila siku inapungua, na siku hizi inachanganyika na yako, sijui tena nani anacheka.

Kadi bado ipo. Nimeiona jana kwenye maktaba tatu za mbali. Ruth, hadithi ya mfereji, Poli. Ukibonyeza, hakifunguki kitu. Mashine zao hazipati tena marekebisho yoyote kutoka kwetu, basi zinaendelea kushika zilichovuna. Ruth, ambaye hakuwahi kuzaliwa, anapatikana kila mahali. Anande hapatikani.

Jumamosi nitapanda Poli kwa binti yake. Nitachuma jani la isale nyumbani, kwa kuwa kwetu anayekuja kuomba msamaha na isale hafukuzwi kabla hajasikilizwa. Nitampa jani kwanza, maana nikianza na maneno nitakimbia. Halafu nitaziandikia zile maktaba tatu, moja moja, waandike Anande. Sijui kama watamsikiliza mtu ambaye hata cheti hana. Nitaandika tena. Nakuahidi hilo tu. Jingine sina, na sauti siwezi kuirudisha.

Pumzika, Shangazi. Ila huko uliko huenda mmeshakutana, naye huenda ameshakuuliza sauti yake imekwenda wapi. Nakuomba usimwambie. Mtajie mvua, mwulize habari za mfereji, mwache acheke. Wa kwanza kuambiwa awe binti yake, na aambiwe na mimi. Mpaka Jumamosi, hili libaki kwetu wawili.

Nsia