Nani Kaandika "Ludia"?

Jumatatu, 3 Machi 2025

Chuo kimetuazima laptop. Nyepesi kama sinia! Ndani haina kitu — unafungua brauza, unaingiza paswedi, unaandika programu huko huko mtandaoni. Mama kaipindua, kaikung'uta, kauliza sasa kazi yangu inakaa wapi. Hata mimi sijaridhika. Kitu kisichokaa nyumbani kwako, yeyote anaweza kukiingilia.

Halafu huyu Erick tunayekaa naye dawati moja. Wametoka Bukoba mwaka jana, baba yake kahamishiwa Kyela. Leo nikiingiza paswedi kanikodolea vidole. Nimemwona!

Alhamisi, 5 Juni

Jana nilikuwa Ipinda na Mama, kuvuna mpunga. Laptop niliiacha nyumbani Bondeni, chini ya godoro. Leo nafungua programu yangu, ile ya kuwakumbusha wakulima kugeuza kakao waliyovundika — ina mistari mipya! Historia ya mabadiliko inasema imeandikwa jana mchana, kwa jina langu. Na jana, wenzangu wanasema, Erick hakuja chuo. Eti malaria. Malaria gani?

Kibaya zaidi, inafanya kazi. Ilikuwa imekwama wiki nzima.

Nimemtaja Erick kwa Mwalimu Theophil, mbele ya darasa. Mwalimu kasema anayemwandikia mwenzake kazi anaondoka chuo, na aliyekubali kuandikiwa anaondoka naye. Ndicho anachotaka Erick, nifukuzwe! Erick kaapa kwa Mungu si yeye. Sikumwamini.

Ijumaa, 6 Juni

Erick kanifuata getini, macho mekundu. Kanionyesha mmoja wa ile mistari mipya: "ludia". Kasema tangu azaliwe hajaandika hivyo, hiyo ni ya sisi Wanyakyusa. Kweli, r hutuponyoka. Lakini mimi nilichapwa sana shuleni, naandika r yangu vizuri. Labda kafanya makusudi. Mjanja yule.

Niko njiani, meseji ya Nancy, mdogo wangu: "Dada uwahi kuludi chumvi imeisha."

Nimesimama katikati ya barabara mpaka bajaji ikanipigia honi.

Hapana. Nancy kafeli fomu foo, chuo chetu kilimkataa. Simu yake kitochi. Laptop anasema inamuumiza kichwa. Nancy?

Jumamosi, 7 Juni

Nimeiharibu programu makusudi, nikaaga kwamba naenda sokoni. Nikazunguka nyumba, nikachungulia dirishani. Kakaa kitandani kwangu, laptop mapajani, anaandika bila hata kutazama vidole. Mdogo wangu!

Nimeingia. Hakukimbia. Paswedi kaitoa wapi?

"Si unaitamka ukiandika, dada."

Jamani! Na mimi namsingizia Erick macho. Kumbe masomo yangu yote kayasoma, kila nikienda kuoga, kila nikienda kwaya. Hasira zilinipanda. Na wivu, nisijidanganye. Halafu nikalia.

Habari za Erick hakuzijua. Nimemweleza. Nikimtaja Nancy, Mwalimu atasema nilimtuma — naondoka. Nikinyamaza, anaondoka Erick. Nani atakubali kwamba nalala naye chumba kimoja na sikujua?

Meseji ya Mwalimu hii hapa. Baba yake Erick yuko ofisini kwake, nithibitishe ni Erick au siye, sasa hivi.

Nancy kaisoma. Halafu kauliza polepole, "Lakini, dada, ilifanya kazi?"

Ilifanya. Nimemwambia. Kacheka na machozi yake.

Simu inaita. Mwalimu. Kaishika Nancy, ananinyooshea, anasema sema tu, dada, sema unavyoona —