Begi la Mafuriko

Jumatano, Kimamba

Na kweli ni begi zuri, nani anabisha? Mume wangu alishinda mnadani siku nzima akilichagua: mikanda mipana ya mabegani, mkanda wa kiunoni, kitambaa kisichopitisha maji. Mafuriko yakija, alisema, unalinyakua tu na kukimbia.

Leo asubuhi maji ya mto yakaingia uani. Nikalinyakua, nikakimbia. Lilikuwa zito, nikajua kila kitu kimo. Mtaalamu wangu wa mabegi alikuja nyuma, amembeba mama yake.

Tulipofika kwenye tuta la reli, mama mkwe akaomba dawa yake ya presha. Nikafungua zipu. Vitunguu. Vitunguu vitupu, hadi kwenye mifuko ya pembeni.

"Ah," akasema mume wangu. "Saidi alilirudisha jana, ulipokuwa shamba."

Saidi ni mdogo wake. Aliliazima kwenda Lumuma, kwenye mashamba ya vitunguu, na ndugu hanyimwi, kwa hiyo dawa na vyeti vya watoto nikavihamishia juu ya kabati; leo, kwa kuliona begi mahali pake, nikadhani vimesharudishwa ndani. Naye Saidi, kijana mwenye adabu zake, angerudishaje begi la watu tupu?

Maji yameishia kizingitini, alhamdulillahi. Lakini mama alikaa mpaka mchana bila dawa, akiniambia "usijali, mwanangu," nami nikihesabu pumzi zake.

Vyeti vimerudi ndani, vinanuka vitunguu. Jioni Saidi amepiga simu, analitaka tena Jumamosi. Mume wangu amemwambia hakuna shida.

Hakuna kabisa. Naandika haya nikiwa nimelivaa mgongoni, na mkanda wa kiunoni nimeufunga.