Mwezi Uliolala Chali

Arua, 11 Januari 1993

Kwa mdogo wangu Hawah,

Assalamu alaikum. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo inachemka. Watoto hawajambo? Goti lako?

Hawah, daftari langu la buluu liko wapi? Nililiacha hapo kwako juu ya sanduku la bati. Ndilo lenye masomo yote ya falaki: jua, dunia, mwezi. Jaribio la kwanza nimepata nne kwa ishirini. Nne! Mama wa miaka arobaini na tatu, niliyefundisha watoto wetu miaka sita kule ukimbizini Sudan, nimekaa nyuma ya vijana nikificha karatasi kwa leso. Tunarudia tarehe 19 Februari. Asiyefikisha kumi anatolewa kwenye kozi, anarudi nyumbani bila cheti cha ualimu.

Mpe Mogga wa lori alilete Ijumaa. Usichelewe.

Dada yako,
Kaltumu

Koboko, 17 Januari 1993

Dada Kaltumu,

Wa alaikum salaam. Goti linauma, watoto wazima. Asante kwa kuuliza kabla ya kunigombeza.

Daftari nimefungia wateja simsim. Nilidhani umemalizana nalo, maana kurasa zote zilikuwa zimejaa na uliliacha. Siku ya soko karatasi ziliniishia, nikachana. Nimezunguka kwa wateja. Mama Yangi amerudisha kurasa mbili, nazituma, zina mafuta. Nisamehe kwa hilo.

Kwa hilo tu! Maana na mimi nina hasira. Likizo nzima uliliimba daftari lile mpaka wanangu wakalijua. Nilikuita uani: "Dada, toka uone, mwezi mwandamo umelala chali kama bakuli. Mbona wa kitabuni umesimama?" Ulinijibu nini? "Wacha kelele, Hawah. Kitabu iko na akili kuliko wewe." Hata mlango hukuufungua. Mwezi tunaoutafuta kila Ramadhani tangu tulipokuwa mgongoni kwa nyanya! Walioandika hicho kitabu walisimama wapi?

Toka nje jioni. Uangalie, uchore, halafu mweleze mtu bila karatasi. Ukishindwa kumweleza, hujui.

Mdogo wako mwuza simsim,
Hawah

Arua, 7 Februari 1993

Hawah,

Salaam kwako na kwa watoto. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Wiki tatu sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu yalitaka kutoka matusi, na mimi ni mtu wa kuswali. Ati mwuza simsim anifundishe kusoma! Nikazifunika zile kurasa mbili, nikajaribu kuandika nilichokumbuka, nikukomeshe. Mistari mitatu, Hawah. Baada ya kuziimba likizo nzima.

Kwa hasira hiyo nikatoka nje. Tangu tarehe 24 Januari, kila baada ya magharibi nachora: mwezi uko wapi, umenenepa kiasi gani. Kila jioni unasogea mashariki. Jana ulichomoza mzima wakati jua linazama upande wa pili. Nilisimama katikati yao nikaelewa kitu ambacho daftari halikunipa. Celestina wa Logiri, tunayelala naye chumba kimoja, anashika kandili iwe jua, mimi najizungusha papo hapo na chungwa mkononi liwe mwezi. Ananiuliza maswali. Nikikosa, hanitajii jibu; ananirudia keshokutwa nikiwa nimejisahau. Anasema, "Mama, hata rozari sisi hatusali kwa ukali hivi."

Usidhani hii ni asante. Daftari bado linaniuma.

Dada yako,
Kaltumu

Koboko, 20 Februari 1993

Dada,

Salaam nyingi. Umeamka vizuri? Ramadhani imefika mlangoni, na sisi hatujawahi kuuona mwezi tukiwa tumenuniana. Hukuniambia "nisamehe", wala "nimekusamehe". Na jana ilikuwaje? Ukinyamaza tena nitapanda lori nije kugombana uso kwa uso.

Mdogo wako,
Hawah

Arua, 23 Februari 1993

Mdogo wangu Hawah,

Assalamu alaikum, na mfungo mwema.

Nilipata tisa. Alama moja tu inifukuze! Swali lilisema: chora mwezi mwandamo unavyoonekana hapa Arua jua likishazama. Nikauchora chali, mgongo chini kuelekea jua. Mwalimu Ayiko akapiga mkasi kwa wino mwekundu. Alama mbili zimekwenda, kwa kuwa kitabuni umesimama.

Jana nilimfuata ofisini. "Mama, unabishana na kitabu?"

"Mwalimu, lini mara ya mwisho wewe umeangalia juu?"

Vijana waliokuwa mlangoni walicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia jioni ile Waislamu tunatoka kutafuta mwezi, aje na kitabu chake. Alikuja, labda anione nikiaibika. Ukaonekana, mwembamba, umelala chali kama ulivyolala juu ya uani kwako. Mwalimu akaangalia kitabu. Akakigeuza ubavu. Akakirudisha. Akakigeuza tena, akabaki amekishika hivyohivyo. Kisha akasema taratibu, "Lete karatasi yako, Mama."

Kumi na moja, Hawah. Nimebaki kwenye kozi.

Daftari nimekusamehe jana palepale, kabla mwezi haujazama. Na wewe unisamehe ule mlango ambao sikuufungua. Mogga anakuletea daftari jipya. Ndani nimekunakilia michoro yangu yote, tangu mwezi mwembamba mpaka mzima.

Ukilifungia simsim, nitakuja Koboko kwa miguu.

Dada yako,
Kaltumu