Tulivyozisugua Kuba za Baharini

Siargao, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro

Mdogo wangu Eleuterio,

Amani ya Bwana iwe nawe huko melini. Sisi wazima, nguruwe amezaa, mama anakusalimu.

Zile kuba za zege mlizozamisha ziwe nyumba za samaki baada ya kimbunga kuvunja matumbawe, ukaniachia nizitunze, zilikuwa zimeota vipele kama punje za mchele. Padri alikuwa anakuja kuzibariki, nikaona aibu. Maji yalipokupwa nikawaita kina mama, tukazisugua kwa makumbi ya nazi mpaka zikang'aa.

Isko, mlinzi wa bahari, akaja kutazama, akashika kichwa.

"Dada Crisanta, umemnyoa mtoto pamoja na ngozi! Vile vipele ndiyo matumbawe yenyewe, yalikuwa yanaanza."

"Yesu wangu! Usinitanie."

"Ningekuwa natania ningecheka."

Nilimsihi asiseme. Kwenye misa padri akanitaja kwa jina, eti mfano wa bidii. Kanisa zima likapiga makofi, nami, Mungu anisamehe, nikasimama nikatabasamu. Isko naye alipiga, huku akinitazama.

Kumwambia padri nimeshindwa. Nimeanza na wewe, mwenye kuba.

Dada yako,
Crisanta