Cheo Ulichokingoja

Baba,

Kile cheo chako kimerudi. Waziri Mkuu yupo tena, na ofisi yake sasa ina mkono mrefu, unafika mpaka kwetu huku nyuma ya Bunda. Nilifikiri siku ya kukwambia haya nitafurahi. Sifurahi hata kidogo.

Nakukumbuka Uhuru ulipokuja. Ulirudi kutoka Musoma mjini sauti imekauka kwa kushangilia, na siku hiyo hiyo maksai wetu mwekundu wa plau ukampa jina: Waziri Mkuu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Haukupita muda, cheo kikahamia kwa mtu mwingine, ukasema haidhuru, kiti ni kile kile. Halafu ikaja Jamhuri. Waziri Mkuu akafutwa, tukawa na Rais na makamu wake. Majirani walikutania we! "Mzee, huyo ng'ombe amestaafishwa, sasa mwite Rais!" Ukakataa. Kwetu ng'ombe akishaitwa jina atakufa nalo. Ulikuwaga unasema, "Rais ni wa nchi nzima. Waziri Mkuu ndiye wa kuambiwa shida, atarudi tu." Nani alikudanganya, Baba? Maana na sisi ulitudanganya.

Ulipokufa tulikuzika mlangoni mwa zizi, mahali pa mwenye mji, mkuu wa boma. Basi redio ya jirani iliposema cheo kimerudi, na kwamba mambo ya mikoa na wilaya yatakuwa chini yake, mpango wanaouita Madaraka Mikoani, mama alikuja kaburini na kibuyu cha maziwa akakumwagia. Hukusikia? Alikuita kwa nguvu kweli.

Wakubwa walipokuja na lori, mama akafagia uwanja. Akajua wamekuja kusikiliza shida, kama ulivyosema. Akawapa maziwa, wakanywa, wakashukuru, wakapanda kuezua nyumba yako. "Mama, haya ni maagizo ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mnahamia kijiji cha Ujamaa." Alikuwa bado ameshika kata ya maziwa mkononi.

Sikatai kijiji. Bomba liko karibu na wanangu wanasoma. Lakini mji wako tuliuacha na wewe ndani yake, na sasa mkubwa mmoja wa wilayani anasema pale patakuwa shamba la pamba la bega kwa bega, vipande vyetu vyote vimepangwa pamoja. Trekta linakuja Jumatatu. Nilimwambia kuna kaburi la baba yangu. Akaniuliza, "Lina saruji? Lina msalaba?" Nikamwambia kwetu mwenye mji anajulikana kwa zizi lake. Akasema zizi halipo tena. Eti halipo! Si wao walilivunja wakalifanya kuni?

Nikaenda Musoma mkoani. Wakaniambia agizo limetoka juu, nirudi wilayani. Wilayani wakaniambia agizo limetoka juu, niende mkoani. Huko juu kwenyewe sidhani kama kuna mtu anajua kwamba ulizaliwa, sembuse ulipozikwa. Zamani tulikuwa na DC wa Mzungu, alikuwa mkali, lakini alikuwa na mlango na mtu aliyekaa ndani. Nasema hivi na moyo unaniuma, kwa sababu ungenichapa kwa kusema hivyo.

Nina hasira na wewe, Baba. Ungetufundisha kuwaogopa wakubwa mapema, mama asingefagia. Ila sina baba mwingine.

Mama sijamwambia habari ya trekta, na sitamwambia. Wewe lala. Jumatatu ukisikia linanguruma usishtuke, mimi nitakuwa nimekaa hapo juu yako tangu alfajiri. Wakitaka kulima, walime na mimi.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Nyangeta