Nyumba Isiyopigwa Hodi

Rumonge, Jumapili

Kwa mdogo wangu Zakaria,

Assalaam alaykum. Amahoro kwako, kwa mkeo Mariam, na kwa wanao wawili ambao nasikia wamerefuka hata milango ya Buyenzi inawagonga vichwa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikikaa sana kando ya sufuria la mawese. Jirani yetu Mama Aruna anakusalimu. Anasema siku ya mazishi ulimwahidi kitenge, na yeye si mtu wa kusahau.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa basi. Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba kwenye arobaini ya baba utakuja na Tahiri, yule kijana aliyelinda lango siku Burundi tulipomnyang'anya Mtanzania Kombe la Ziwa. Umesema amesikia habari za baba, naye anataka kumwombea dua nyumbani kwake. La pili, kwamba moyo wako umetulia kwa sababu baba alikufa akijua Kombe limerudi. Hilo la pili ndilo limenikalisha chini. Kwenye simu Mariam husikiliza, usinikatalie, na haya nataka uyasome peke yako.

Nianze nyuma kidogo. Wewe ulizaliwa miaka mitatu baada ya mechi ile ambayo baba alilinda lango la Burundi, na uliyoyajua uliyasikia kwa baba, ambaye alikuwa na namna yake ya kuhadithia. Mimi nilikuwa na miaka minne, mengine nimeyasikia kwa mama na kwa kila aliyekuwa na ulimi hapa mtaani. Kombe lilikuwa kwetu, na sare ilitosha libaki kwetu. Zilibaki dakika tatu. Mpira ukaja kutoka mbali, unajiviringisha polepole, hata bibi kizee angeuzuia kwa upindo wa kanga. Baba akaudaka. Akageuka amrushie beki wake, ukamponyoka mkononi ukaingia nyavuni. Basi. Kombe likapanda ndege kwenda Dar es Salaam.

Kufungwa ni mchezo, kila kipa hufungwa. Lakini babu yake baba alitoka Ujiji, na watu walikuwa wanalijua hilo. Wakasema Asmani amewafungulia mlango wa nyumbani wajomba zake. Mtu aliyezaliwa Rumonge, baba yake kazaliwa Rumonge, akaambiwa arudi kwao. Vijana wakawa wakipita mbele ya nyumba wanabisha kwa sauti ya adabu: hodi, Mzee Asmani, hodi, tunaweza kuingia? Halafu wanacheka mpaka sokoni. Ilikwenda hivyo miaka, na simlaumu kwa kuumia.

Ndiyo maana nyumbani kwetu hodi ilipigwa marufuku. Wageni walijua: unakohoa, au unapiga makofi mara mbili, unangoja. Wewe mwenyewe ulichapwa ukiwa na miaka sita kwa kuipiga mchezoni, ukalala na homa. Na kila kilichotoka ng'ambo kikawa haramu, kuanzia redio ya Dar mpaka chumvi ya Uvinza. Alitaka kuwa Mrundi kuliko Warundi.

Na mimi, kwa akili zangu, nikampenda muuza chumvi ya Uvinza.

Hakimu unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, alikuletea mpira wa ngozi kutoka Kigoma na ukamficha baba kuwa umetoka kwake. Mimi nilikuwa na ishirini na miwili. Alipoamua kuleta posa nilimfundisha wiki nzima: usiutaje mpira, usiitaje Ujiji, mwamkie kwa Kirundi, usimtazame mikono. Nikasahau jambo moja, kwa sababu nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea kuinama kwenye mlango mfupi. Wakashuka kwenye boti wazee watatu wamevaa kanzu safi, na Hakimu nyuma yao. Wakafika mlangoni, watu wenye adabu zao. Hakimu akapiga hodi.

Baba hakupiga kelele. Aliuliza ni nani aliyewatuma. Kisha akawaambia, mbele ya majirani waliokuwa wameanza kucheka, kwamba Mtanzania hatatoa kitu tena ndani ya nyumba hii mpaka siku Kombe litakaporudi. Alisema, "Mulishabeba moja. Iko inatosha." Watu wakaona ni maneno ya hasira tu. Mimi nilijua ni hukumu, maana Kombe lilikuwa halijachezwa tena tangu siku ile. Kwanza vyama vya mpira vilinuniana, kisha vita vikaingia. Hakimu alingoja miaka sita, akaoa huko kwao Kasulu. Simlaumu hata yeye. Waliokuja baadaye baba aliwatoa kasoro mmoja mmoja, huyu mlevi, yule ukoo wake haueleweki, mpaka wakaacha kuja. Wewe ukaoa ukahamia Bujumbura. Mimi nikabaki kumpikia, kisha kumwogesha, kisha, kinini ya malaria ilipomuua masikio na mtoto wa jicho kumfunga macho, kuwa sauti pekee aliyoisikia duniani. Unajua ilivyokuwa: sikio la kushoto, mdomo karibu, pole pole. Wengine wote kwake walikuwa mvumo tu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Wewe ulikuwa uwanjani na wanao. Baba alitaka akalishwe kitandani tangu adhuhuri, akaniomba nimvalishe glavu zake za zamani, zile zilizokauka mpaka zinapasuka kwenye vidole. Nilishika simu yangu ikitangaza mpira, nikamweleza sikioni kila kitu kama kilivyo. Kipindi cha kwanza nilisema kweli tupu, wallahi. Tulipofunga goli letu nilikuwa nimeshainama kumwambia. Lakini yeye alinishika mkono akatangulia kusema. Akasema Kombe likirudi leo yote yatakuwa yamefutika, atakufa mtu safi.

Yote, Zakaria. Nilitazama mikono ile ndani ya glavu, nikahesabu miaka yangu ishirini na sita tangu posa ile. Hakusema tufute. Hakuniuliza. Alikuwa anajifutia peke yake, na mimi ndimi niliyekuwa nimeshika kitambaa.

Nikamwambia bado ni sare.

Zilipobaki dakika tatu nikampa goli lake. Nikamwambia mpira umetoka mbali, unajiviringisha polepole, kipa wetu ameudaka, amegeuka amrushie beki, umemponyoka. Nilitamka kila neno vizuri. Nikamwambia Kombe limebaki Dar.

Ulipopiga simu ukaniambia nimpigie kelele sikioni kwamba tumeshinda, nilikujibu kwamba nimeshamwambia. Ukamsikia analia nyuma yangu. Ukasema na wewe unalia kwa furaha. Nje magari yalikuwa yanapiga honi mtaa mzima, naye hasikii hata moja. Mama Aruna alikuja na soda kumpongeza, nikamwambia mzee amelala. Siku tisa alikuwa amelala kwa kila aliyekuja.

Nilitaka amtukane yule kijana kama alivyotukanwa yeye. Nilikuwa nimejiandaa kuyasikia matusi yale na kustarehe. Badala yake aliniuliza kipa anaitwa nani. Nikasema Tahiri. Akauliza ana miaka mingapi, ana mama, atarudi nyumbani na nani. Kisha akasema tumpelekee maneno, na haya hapa kama alivyoyasema, kwa sababu sijaweza kuyasahau: "Mwambieni huyu mutoto kosa si lake, mupira una siku yake. Watakuja kumupigia hodi. Asifunge mulango. Mimi nilifunga, nikafungia na watu ndani."

Akavua glavu akanipa nimtumie. Kila asubuhi alikuwa akiuliza kama kijana amejibu. Ningeweza kutunga jibu, goli nilishalitunga. Nilimwambia hajajibu. Siku ya tisa akasema tumwache, ana haya, hata yeye asingejibu. Alasiri ile akakata roho, akimwonea huruma mtu ambaye siku zile alikuwa anabebwa mabegani Bujumbura. Mimi niliyempa uji kwa kijiko miaka minne hakuniuliza hata mara moja kama nitabaki na nani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Usije na Mariam kunisomea mawaidha ya radhi za wazazi, nayajua kuliko nyinyi, niliishi nayo chumba kimoja. Nimelia, lakini si vile ungependa nilie. Yale maneno aliyosema kuhusu watu wa ndani nayarudia kila siku, na sijui kama alikuwa ananisemesha mimi au anaongea na kipa. Sitakaa nijue, na hilo nimejitendea mwenyewe. Mama angekuwa hai asingenipa maji.

Kwa hiyo mlete Tahiri. Glavu nimezifunga kwenye kitambaa cheupe, nitampa, na maneno nitamfikishia neno kwa neno, maana ni amana. Atashangaa kwa nini mzee amempa pole siku ya ushindi wake. Kumweleza au kutomweleza nakuachia wewe. Mimi nimeshasema uongo wangu wa maisha, sina mwingine.

Jambo moja tu mwambie mapema, ili asije akasimama jua kali anakohoa. Akifika mlangoni apige hodi. Nami nitamwitikia karibu.

Nisalimie Mariam na watoto, na majirani wote wa Buyenzi wanaotujua. Njoo na kitenge cha Mama Aruna. Mungu amrehemu baba, na mimi anitazame kwa jicho analolijua Yeye.

Wasalaam,
Dada yako,
Mwamini binti Asmani